Mstari Uliorukwa

Nimeandika riwaya nne na vitabu kumi na kimoja vya watoto, na wapo watu wanaoniita "mwandishi" hata nikiwa sokoni nachagua vitunguu. Basi acheni niwaambie aibu yangu. Upo ukurasa mmoja katika kitabu changu mwenyewe ambao sikuusoma mpaka ulipoletwa na posta, na siku niliyousoma ilikuwa imebaki siku moja tu.

Ilikuwa Alhamisi, Novemba ya mwaka tisini na tatu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Matiri. Darasa la tatu walikuwa wanaimba jedwali la saba, nami nimesimama mlangoni nachana bahasha kwa meno, maana sina subira na bahasha. Ilitoka Dar es Salaam, kwenye kampuni changa ya uchapishaji niliyoipelekea mswada wangu mwaka uliopita.

"Mwalimu Aurelia," waliandika, "tumeipenda riwaya yako na tutaichapa mwakani. Zaidi ya yote tumeupenda mwisho. Kuna jambo dogo tu. Ukurasa wa 212, Meshack yuko gatini, meli imeshapiga honi, naye anamuuliza Lidia: 'Utakuja?' Baada ya hapo pana mstari mtupu, na riwaya imekwisha. Tunadhani mpigachapa aliruka jibu la Lidia. Tafadhali tuandikie sentensi hiyo. Ukurasa wenyewe tumeuambatanisha."

Nilisoma mara tatu. Saba mara sita, saba mara saba, watoto wanaendelea. Sikuandika gati mimi. Sikuandika meli wala honi. Katika riwaya niliyoiandika kwa mkono wangu, Lidia anabaki mlimani na kuolewa na mtu aliyechaguliwa na ukoo, na Meshack anaondoka bila hata kuaga. Mistari mitano, nikafunga daftari.

Nikautoa ule ukurasa. Kila herufi r ilikuwa imeruka juu ya mstari kidogo, kama mtu aliyenyanyua bega. Wilaya nzima ya Mbinga kulikuwa na taipureta moja tu yenye r ya namna hiyo, na aliyekuwa akiipiga kwa vidole viwili alikuwa Abdulmalik.

*

Tulianza hivi. Miaka ile maduka ya Mbinga yalikuwa yanajaa tena baada ya kukaa matupu muda mrefu: sabuni za rangi, redio, viatu vya mtumba. Lile shirika lililonichapia kitabu changu cha kwanza, *Mbuzi wa Bibi Hedwiga*, lilikuwa hoi, halina karatasi, barua zangu halijibu. Nikaambiwa wachapishaji wapya wa Dar hawapokei mswada wa mkono. Nikaulizia mjini nani ana taipureta, nikaelekezwa duka la vitambaa karibu na msikiti.

"Unataka kuchapa nini?" aliniuliza yule kijana, akiwa na futi ya kupimia vitambaa shingoni.

"Riwaya."

"Ya mapenzi?"

"Ya watu."

"Watu hawapendani?"

Nikamwona ana maneno. Kumbe na macho pia alikuwa nayo, nikaangalia pembeni. Kuanzia Januari mpaka Juni ya mwaka tisini na mbili, kila Jumamosi nilishuka Mbinga na daftari langu, yeye akachapa nami nimekaa juu ya marobota ya kanga nikimsomea. Mahali pasipompendeza aliacha kuchapa, akanitazama tu, mpaka nikajitetea.

"Mwalimu, kitabu chako cha mbuzi kina mwisho mwema," alinichokoza siku moja. "Mbuzi anaogopa daraja kurasa ishirini, mwisho anavuka. Huku kwa wakubwa mbona unawatesa watu?"

"Watoto nawapa mwisho mwema. Watu wazima nawaambia ukweli."

"Basi mimi nihesabu mtoto."

Nilicheka, naye akacheka, kisha hakuna aliyecheka. Tulitazamana tu, taipureta katikati yetu. Nilimpenda siku ile. Sitafuti maneno ya kuizungushia, nilimpenda.

Alikuja kwetu Matiri mwezi wa nne, na viatu vyeupe, kuniposa kwa mama yangu. Mama yangu, ndiye huyo Hedwiga mwenye mbuzi, alikuwa shambani na hakuona sababu ya kutoka shambani. Kwetu wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwenye mteremko kwa miraba, safu za kushuka na safu za kukatiza, halafu wanawake huzifukia kwa udongo na kuacha shimo katikati ya kila mraba. Ndiyo ngoro zetu, ndizo zinazozuia mlima usiteremke na mvua. Mama akamwonyesha nyasi zilizofyekwa.

"Mkwe wa hapa huanza kwa kulaza hizo," akasema.

Abdulmalik akavua viatu, akakunja suruali, akazilaza nyasi zote upande mmoja, kutoka juu mpaka chini, nzuri, zimenyooka, kama anatandika mkeka wa wageni. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba, mvua ya kwanza tu, shamba langu lote litakuwa mtoni!"

Alimpenda, niliona. Lakini jioni ile wanaume wa ukoo walikaa kwenye sengu, baraza lao, wakala ugali wao pamoja kama desturi, na kabla sahani hazijaondolewa neno langu lilikuwa limekwisha. Baba mdogo Damiano ndiye aliyeniletea jibu, bila ukali wowote.

"Hatuna ugomvi na Waislamu, mwanangu. Tunanunua chumvi kwao, tunazikana. Lakini wewe kanisa utamwachia nani? Na watoto watabatizwa wapi?"

Mimi niliyejaza madaftari sita kwa maneno sikuwa na hata moja. Nilitazama miguu yangu. Kwao Mbamba Bay, kando ya ziwa, mama yake naye alikuwa ameshasema la kwake, kwamba asiyesilimu haingii nyumbani kwake. Wazee wa milimani na wazee wa ziwani hawajawahi kukutana, lakini kwa hilo walielewana vizuri sana.

Nilimpelekea sura ya mwisho Jumamosi ya mwisho wa Juni. Aliisoma akiwa amesimama.

"Lidia anabaki?"

"Anabaki."

"Na Meshack anaondoka hivi hivi? Hamuulizi?"

"Amuulize nini? Wakubwa wameshasema."

"Wakubwa ndio waliosema. Lidia mwenyewe hajaulizwa ukurasa hata mmoja, Mwalimu. Kurasa mia mbili na kumi, hakuna mtu aliyemuuliza."

"Malik, chapa tu. Nakuomba."

Kidole chake kiliigusa ile r bila kuibonyeza.

"Nitachapa. Nitakuletea kifurushi Matiri. Lakini niahidi kitu. Sura ya mwisho uisome kabla hujaituma. Mpaka mstari wa mwisho."

"Nimeahidi."

"Sema tena."

"Nimeahidi, Malik."

Kifurushi kilifika na lori la mahindi, kimefungwa kwa kamba ya katani, mafundo matatu. Nilikiweka uvunguni mwa kitanda. Wiki mbili nilikuwa nalala juu yake. Nikijaribu kukifungua, mikono inakataa. Kila r ndani yake ingekuwa kidole chake, na mimi nilikuwa najifunza kumsahau. Asubuhi moja nikaongeza karatasi ya kaki juu, nikaandika anwani ya Dar, nikakituma kama kilivyo. Mbinga sikukanyaga tena. Nilijiona jasiri. Tazameni ujasiri wa mpumbavu.

Sasa nimesimama mlangoni mwa darasa la tatu, mwaka mmoja na miezi minne baadaye, na swali lake liko mkononi mwangu. Aliniposa kwa njia pekee iliyobaki, kwenye kitabu changu mwenyewe, akaniachia mstari wa kujibu. Na mimi nilikuwa nimemjibu kwa kimya.

*

Mama nilimkuta jikoni akipepeta maharage. Nilimsomea barua yote, na ule ukurasa. Ungo ukasimama.

"Aurelia. Hukusoma?"

"Sikusoma, mama."

"Ee Mungu wangu." Akaweka ungo chini. "Placidi hakukuambia? Alirudi kutoka mjini jana na habari. Yule kijana anaoa kesho, huko Mbamba Bay, baada ya swala ya Ijumaa. Binti wa mzee Bakili."

Kaka yangu Placidi alikuwa amekaa kizingitini ananoa nyengo ya kufyekea. Hakuinua kichwa.

"Niliona haikuhusu," alisema. "Mambo yalishaisha."

"Naenda Mbamba Bay," nikasema.

"Kufanya nini?" Placidi alisimama. "Kuharibu harusi ya watu? Mwalimu mzima?"

"Kujibu barua."

"Posta ipo!"

"Placidi, kaa," mama akasema, na akakaa. Kisha akanigeukia, macho yamejaa. "Mimi siwezi kukubariki. Kama nitakubariki nitakuwa mwongo. Lakini nguo yako ya kanisani imefuliwa, iko kwenye kamba."

*

Niliondoka alfajiri, nikapata lori la maharage pale Mbinga, nikakaa juu ya magunia na barua yangu kifuani. Njia nzima nililikariri jibu. Nitakuja. Neno moja tu, mtoto wa darasa la kwanza analiandika. Tulipofika Tingi ziwa likajitokeza kule chini, na mimi nikaanza kulia kwa sauti, mwanamke mtu mzima juu ya maharage. Niliapa mbele ya maji yale kwamba nikimkuta hajaoa, safari hii hawatanisikia nimenyamaza, si sengu, si msikiti, si mtu.

Saa tano nilikuwa mlangoni kwa Bi Tunu, mama yake. Uwani wanawake wanamenya vitunguu saumu, masufuria ya pilau yako motoni. Alitoka mwenyewe, mrefu, amejitanda kanga mpya. Hatukuwahi kuonana, lakini alinitambua kabla sijamaliza kupiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mwalimu wa Matiri."

"Ndiyo, mama."

"Pita ndani. Hapo nje watu wanaangalia."

Alinikalisha kwenye mkeka, akanipa chai, akakaa mbele yangu. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Mwaka mzima, mwanangu. Mwaka mzima tangu aache duka Mbinga nimeishi na mtu asiyekula. Gari la kutoka Mbinga likiingia anatoka nje kuangalia, likiondoka anarudi ndani. Baba yake nilishamzika, nikasema sasa nazika na huyu. Kwa Ramadhani hii iliyopita nilimwambia mwenyewe, nenda kamchukue huyo Mkristo wako, nimeshindwa mimi. Unajua alinijibu nini?"

Niliweka kikombe cha chai chini.

"Alisema, 'Nilimuuliza, mama. Ameshanijibu.' Basi. Akaniachia nimtafutie mke. Leo ndiyo unakuja, nyama iko jikoni?"

"Mama, mimi sikujua."

"Hukujua nini?"

Ningemwambia nini, kwamba maisha ya mwanawe yalikaa uvunguni mwangu wiki mbili, nami nikayabandika stempu?

Bi Tunu alipangusa macho kwa ncha ya kanga, akainuka.

"Sitakuzuia kumwona. Wallahi sitakuzuia, na ukitoka naye nitajua ni Mungu. Lakini kwanza nishikie upande mmoja wa sanduku hili. Ni la bibi harusi. Twende wote ukamwone."

Nilijua anachokifanya. Yule mama hakuwa mjinga hata kidogo. Lakini mkono wangu ulishashika mpini wa sanduku, na nyumba ya mzee Bakili ilikuwa ya tatu kutoka pale.

Walimweka chumba cha ndani, amekaa kwenye mto, mikono ameinyoosha mbele juu ya taulo kwa sababu hina ilikuwa mbichi. Miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikamkuta na jino la mbele limepishana kidogo na tabasamu lisilokuwa na hofu ya mtu.

"Somoe," Bi Tunu alisema, "huyu ni Mwalimu Aurelia, ametoka Matiri."

Yule binti alinyanyuka nusu, kungwi wake akamrudisha chini asiharibu hina.

"Aurelia yupi? Wa *Mbuzi wa Bibi Hedwiga*?"

"Ndiye mimi."

"Uwongo!" Alicheka mpaka machozi. "Jamani, mimi nilijifunzia kusoma kitabu chake! Mwalimu, shikamoo! Nilikuwa mzito, darasa la pili sijui hata a, mwalimu wetu akanipa kitabu chako nikalala nacho. Kwetu nilikisoma mpaka kikaachia kurasa. Naweza kukusomea ukurasa wa mwisho bila kuangalia."

"Hapana, usijisumbue."

"'Mbuzi akaweka mguu wa kwanza. Daraja likalia. Akaweka wa pili.'" Alifumba macho, viganja vyake vyekundu vimetulia juu ya taulo. "Mwalimu alituuliza, kwa nini alivuka? Watoto wengine wakasema nyasi, wengine wakasema njaa. Mimi nikasema, kwa sababu ng'ambo kuna mtu anamwita. Nilipata?"

"Ulipata," nikamwambia.

"Nilijua!" Akaniinamia, akanong'ona kama watu tunaofahamiana siku zote. "Mwalimu, yeye ni mtu wa vitabu. Abdulmalik. Ananyamaza sana, mimi naogopa hatapenda maneno yangu mengi. Lakini nikimwambia nimekutana na wewe, leo, siku yangu, si atafurahi?"

Nilimwangalia Bi Tunu. Alikuwa ameangalia ukutani.

"Atafurahi," nikasema. "Na maneno yako usiyapunguze."

*

Chumba cha stoo kilikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Tunu, kimejaa magunia ya mchele na harufu ya udi. Bi Tunu alisema, "Dakika tano, mlango wazi," akasimama uwani ametupa mgongo. Abdulmalik alikuwa amevaa kanzu yenye darizi shingoni. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Juu ya gunia moja kulikuwa na taipureta ndani ya kisanduku chake.

"Mwalimu."

"Malik."

Tulitazamana. Macho yake yalinipitia uso mzima polepole, kama mtu anayekagua nyumba aliyohama, na mimi nilishika ukingo wa gunia.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Kwa nini leo?"

Akasogea hatua moja, akakumbuka mlango uko wazi, akasimama.

"Nilikaa na ule ukurasa siku tatu kabla ya kuufunga. Nikasema, akiandika sitaki, nitajua. Akiandika nitakuja, nitajua. Sikufikiri kabisa kwamba utauacha. Niambie hukusoma."

"Malik..."

"Niambie kifurushi kililoa, au kaka yako alikificha. Niambie ulikituma bila kufungua, wewe unaweza, wewe una woga wa ajabu na vitu vyako mwenyewe. Sema hilo tu, Mwalimu. Sema 'sikusoma,' nitatoka na kandambili hizi hizi. Tutapita nyuma, kwenye mihogo. Aibu nitaibeba mwenyewe, kwa mzee Bakili nitakwenda kupiga magoti mwenyewe. Neno moja."

Lilikuwa mdomoni. Naapa kwa mama yangu lilikuwa mdomoni, nililihisi kwenye meno. Barua ilikuwa kifuani kwangu, ushahidi mtupu, ningeitoa tu. Na nyumba ya tatu wanawake walikuwa wameanza kuimba, sauti moja nyembamba inawazidi wote, haina aibu, na nilijua ni ya nani. Bibi harusi haimbi siku yake, wakubwa walikuwa wanamnyamazisha na yeye anacheka.

Kama ningemkuta mtu mbaya, ningesema. Lakini yule mtoto nilimfundisha mimi kusoma, nilimwahidi mimi kwamba ukivuka kuna mtu anakungoja.

"Nilisoma," nikasema.

Alitikisa kichwa kukataa.

"Lini?"

"Kilipofika tu. Niliahidi, si ndiyo?"

"Mpaka mstari wa mwisho?"

"Mpaka mstari wa mwisho."

"Na ukauacha."

"Nikauacha."

"Kwa makusudi."

"Malik, nimekuja kukupongeza. Mkeo ni mtu mzuri. Ana maneno mengi, utayapenda."

Alinitazama muda mrefu, akitafuta usoni mwangu kitu ambacho nilikuwa nakificha kwa nguvu zangu zote. Mimi natunga uongo kwa kazi, lakini sijawahi kutunga mwingine kama ule. Mwisho alikubali kwa kichwa, polepole, kama mteja aliyeambiwa bidhaa imekwisha. Akakinyanyua kile kisanduku cha taipureta kutoka kwenye gunia, akaniwekea mikononi.

"Chukua. Sina tena cha kuchapa. Ile r imezidi kuruka, uizoee. Waandikie watoto."

"Na watu wazima?"

"Watu wazima umeshawaambia ukweli," alisema, akageuka akaanza kuhesabu magunia ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa.

Uwani Bi Tunu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sijui alisikia kiasi gani. Alisema, "Ahsante, mwanangu," na mpaka leo sijaamua kama namchukia.

*

Posta ya Mbamba Bay ilikuwa na benchi moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Niliweka taipureta chini, nikaomba karatasi. Niliandika: "Ukurasa wa 212. Jibu la Lidia ni hili: Nitakuja." Niliandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, mzuri, wa duara. Nikalitazama lile neno. Nilifikiri, angalau Lidia na avuke.

Kisha nikaona mwaka unaofuata. Nikakiona kitabu kinafika dukani, Somoe anakikimbilia kwa sababu ni cha mwalimu wake, anakisoma kwa sauti kitandani mpaka ukurasa wa mwisho, na mtu aliyelala pembeni yake anasikia jibu. Angejua palepale kwamba nilidanganya. Angeinuka, na safari hii angemwacha nani ndani?

Nikaichana. Nikaandika nyingine.

"Mpigachapa hakuruka kitu. Mstari huo uachwe mtupu kama ulivyo."

Wakauacha. Ndiyo riwaya iliyonipa jina. Wasomaji wamegombana juu ya ule mstari mpaka kwenye harusi zao, na watu nisiowajua hunisimamisha njiani kuniuliza Lidia alijibu nini. Wanasema nilikuwa na akili sana kuuacha wazi. Vitabu vya watoto vyote vilivyofuata nilivipiga kwenye ile mashine, r ikiruka, na katika kila kimoja kuna mtu anavuka kitu.

Nilikuwa bado kwenye benchi la posta vigelegele vilipopasuka kule upande wa nyumba ya mzee Bakili. Karani aliangalia saa akasema, "Tayari huyo." Bahasha ilikuwa imeshaingia kwenye gunia. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu, na karatasi nilikuwa sina tena.

Nikakunjua kiganja cha kushoto nikaandika hapo, kwa herufi kubwa: Nitakuja. Nikafumba mkono. Nilirudi nao hivyo hivyo umefumbwa, usiku mmoja pale Mbamba Bay na siku nzima juu ya lori, taipureta magotini, na mama aliponipokea mzigo hakuniuliza kwa nini sifumbui.

Hina ya Somoe nadhani ilikaa wiki tatu. Ya kwangu ilikuwa wino wa posta. Jumatatu, kabla ya kipindi cha pili, chaki ilikuwa imeifuta yote.